Marehemu Asiyezikika: Filamu ya Kuba na Vita Dhidi ya Urasimu

Utangulizi



Katika mafunzo yetu ya itikadi tumezoea kuuzungumzia urasimu kana kwamba ni tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Tunasema karani fulani ana majivuno, mkubwa fulani hafiki kazini mpaka saa nne, afisa fulani hagusi barua mpaka apewe "chai". Tukishayasema hayo tunapitisha azimio la kuwataka wahusika wajirekebishe, tunafunga kikao, na kesho yake foleni iko pale pale. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uchambuzi wa namna hiyo hautoshi. Nitatumia filamu moja iliyotengenezwa na nchi ya kijamaa ili ijicheke yenyewe. Nami nitaikosoa filamu hiyo pia, kwa sababu inatufikisha mahali pazuri kisha inatuacha njiani.

Filamu hiyo ni La muerte de un burócrata, yaani Kifo cha Mrasimu, iliyoongozwa na Tomás Gutiérrez Alea na kutolewa nchini Kuba mwaka 1966. Niliwaonyesha makada vijana wa Bukoba na Muleba katika mafunzo ya jioni, nikiwafasiria maneno kwa Kiswahili kila palipohitajika. Yaliyotokea ukumbini jioni ile ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Kisa chenyewe

Mfanyakazi mmoja, Francisco Pérez, amefariki. Alikuwa mfanyakazi wa mfano, fundi wa sanamu, aliyebuni mashine ya kutoa kwa wingi sanamu za José Martí, shujaa wa uhuru wa Kuba, ili kila nyumba ipate yake. Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyomuua. Wenzake wa kazini, kwa kumheshimu, wanamzika pamoja na kitambulisho chake cha kazi. Ni heshima ya kweli, itokayo moyoni. Lakini mjane anapokwenda kudai pensheni anaulizwa: kitambulisho cha marehemu kiko wapi?

Hapo mpwa wa mjane anaanza safari. Makaburini anaambiwa kwamba maiti haifukuliwi kabla ya kutimia miaka miwili, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Anazunguka mpaka anachoka, na mwisho anaamua kumfukua marehemu usiku kwa kificho. Mambo yanaharibika, wasaidizi wake wanakimbia, naye anajikuta analipeleka jeneza nyumbani. Kitambulisho kimepatikana. Sasa marehemu arudishwe kaburini. Mkuu wa makaburi anakataa. Daftari lake linaonyesha kwamba Francisco Pérez amekwisha zikwa, na hakuna hati yoyote ya kumfukua. Aliyezikwa atazikwaje mara ya pili?

Basi marehemu anakaa nyumbani. Majirani wanachanga barafu. Ndege walao mizoga wanaanza kukusanyika. Kijana anapita ofisi baada ya ofisi, dirisha baada ya dirisha, mhuri baada ya mhuri. Usiku mmoja anafungiwa ndani ya jengo la ofisi na inambidi atambae nje ukutani, juu kabisa, kama katika vichekesho vya zamani vya sinema zisizo na sauti. Mwishowe uvumilivu unamwishia. Anamkaba koo mkuu wa makaburi mpaka anakufa. Kijana anachukuliwa amefungwa kama mwendawazimu, na mrasimu anafanyiwa mazishi makubwa, yenye taratibu zote.

Ukumbi wetu ulicheka sana katika sehemu za maofisini. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake analolikumbuka. Lakini jeneza lilipoingia nyumbani kicheko kilikatika. Si ajabu. Kwetu Kagera marehemu huzikwa kibanjani, kati ya migomba aliyoilima na aliyoachiwa na baba zake, na kaburi ni ushahidi wa ukoo juu ya ardhi ile. Mtazamaji wa Havana aliweza kucheka jeneza lisilo na pa kwenda. Mtazamaji wa Muleba aliona fedheha ya ukoo mzima. Naamini ukimya ule uliielewa filamu vizuri zaidi kuliko kicheko kilichotangulia. Karatasi iliyomzuia mtu kuzikwa imekwisha vuka mpaka wa usumbufu na kuingia katika ukatili, hata kama hakuna mkatili mmoja unayeweza kumnyoshea kidole.

Nani anachekwa?

Sifa kubwa ya Alea ni kwamba hakutafuta mtu wa kumtwisha lawama. Mkuu wa makaburi ni mtu anayefuata daftari. Karani wa pensheni haombi rushwa. Anaomba kitambulisho, na kanuni ya kuomba kitambulisho ina maana yake, maana bila hiyo wadanganyifu wangelipwa. Hata kanuni ya kutofukua maiti ni ya afya ya watu. Kila kanuni peke yake ina akili. Zikikutana mlangoni pa mjane zinakuwa wazimu, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja mwenye kazi ya kumtazama mjane. Kila mmoja anatazama karatasi yake.

Tulinganishe na filamu nyingine ya nchi ya kijamaa. Mwaka 1956 Eldar Ryazanov alitengeneza katika Umoja wa Kisovieti kichekesho kiitwacho Karnavalnaya noch, yaani Usiku wa Sherehe. Humo kuna Ogurtsov, mkuu wa nyumba ya utamaduni, ambaye anataka sherehe ya mwaka mpya iwe na hotuba nyingi badala ya muziki. Vijana wanaungana, wanamzunguka kwa ujanja, na sherehe inafanyika. Watazamaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini filamu ile inatuachia fikra kwamba tatizo ni Ogurtsov. Mwondoe Ogurtsov, nchi itacheza dansi. Alea, miaka 10 baadaye, anatuonyesha kwamba ukimwondoa mkuu wa makaburi, hata kwa kumuua, atazikwa kwa heshima na daftari litabaki.

Yafaa pia kukumbuka kwamba si kila dola ya kijamaa ilivumilia kioo kama hiki. Huko Hungaria, Péter Bacsó alikamilisha A tanú, yaani Shahidi, mwaka 1969. Ndani yake kuna wakuu wanaojisifu kwamba nchi imefanikiwa kulima machungwa. Chungwa lenyewe linapoliwa na mtoto, analetwa limau, na wote wanaambiwa walisifu hivyo hivyo kwa kuwa ni la kwetu. Filamu hiyo ilifungiwa kwa karibu miaka 10. Kuba, nchi iliyokuwa inazingirwa kiuchumi na ambayo ingeweza kudai kwamba huu si wakati wa kucheka, iliitoa filamu ya Alea kwa kamera na fedha za taasisi ya filamu ya Serikali, ICAIC, iliyoundwa Machi 1959, miezi michache tu baada ya ushindi wa Mapinduzi. Dola iliyoweza kufanya hivyo ilikuwa na ujasiri, na ujasiri huo tusiudharau.

Nadharia ya jambo hili

Watu wengine husema kwamba kukejeli ofisi za dola ya wafanyakazi na wakulima ni kumpa silaha adui. Hoja hiyo haina msingi katika historia ya ujamaa. Mwezi Machi 1922 Lenin, akihutubia wafanyakazi wa viwanda vya chuma, alilisifu shairi la Mayakovsky lililodhihaki watu wanaoshinda kwenye vikao. Alikiri kwamba yeye si mpenzi wa mashairi ya mtu huyo, lakini kisiasa, alisema, mshairi yuko sahihi kabisa. Katika makala zake za mwisho za mwaka 1923 aliendelea kulalamika kwamba vyombo vya dola mpya vilikuwa vimerithi mazoea ya dola ya zamani.

Kuba nayo ilikuwa na mjadala wake. Februari 1963 Ernesto Che Guevara, wakati huo Waziri wa Viwanda, alichapisha makala dhidi ya urasimu na kutaja vyanzo vitatu. Cha kwanza ni kukosa msukumo wa ndani: mtumishi hana ari ya kutatua jambo, anaona heri lipite kwa mwingine. Cha pili ni kukosa mpangilio: mambo yamekusanywa juu mno, na njia za kupitia ni nyingi au hazijulikani. Cha tatu ni kukosa ujuzi wa kutosha wa kuamua kwa haki na kwa wakati, hivyo mtu anaitisha kikao badala ya kuamua.

Mwenye kuitazama filamu akiwa na vyanzo hivi vitatu mkononi ataviona vyote. Lakini mimi nadai kwamba kuna cha nne, ambacho Che hakukiweka katika orodha ile, na ambacho Alea alikigusa bila kukitaja: anayehudumiwa hana nguvu yoyote juu ya anayemhudumia. Mjane hawezi kumwita karani kujieleza. Anaweza kuomba tu, na kusubiri, na kuomba tena. Pale ambapo mwenye shida hana mamlaka ya kuuliza, hata mtumishi mwenye ari, mpangilio na ujuzi ataozea kitini polepole.

Kasoro ya filamu

Hapa ndipo ukosoaji wangu ulipo. Baada ya onyesho, kada mmoja kijana kutoka Muleba aliuliza swali ambalo wengine wote tulikuwa hatujaliona: wakati jeneza liko nyumbani na majirani wanachanga barafu, tawi lao lilikuwa wapi? Chama cha wafanyakazi kilichomzika marehemu kwa hotuba kilikuwa wapi?

Jibu ni kwamba hawapo. Filamu inawaonyesha kwenye mazishi, wakitoa sifa, kisha inawasahau. Kijana anahangaika peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Majirani wanajua kuleta barafu, lakini hawajui, au hawathubutu, kwenda pamoja naye makaburini watu 40 na kuuliza. Vijana wa Ryazanov waliungana, ila adui yao alikuwa mpumbavu mmoja. Kijana wa Alea amekutana na mfumo mzima, ila hana mwenzake. Filamu ya kwanza ina umoja bila mfumo, ya pili ina mfumo bila umoja. Hakuna iliyotuonyesha umma uliojipanga ukikabili mfumo, na hilo ndilo jambo ambalo kada anahitaji kujifunza kuliko yote.

Matokeo yake ni kwamba kicheko kinageuka kuwa pumzi ya kushusha. Mtu anacheka, anarudi nyumbani amepoa, na asubuhi anapanga foleni kwa upole. Ushahidi alitupa Alea mwenyewe. Mwaka 1995, yaani miaka 29 baadaye, yeye na Juan Carlos Tabío walitoa filamu ya Guantanamera: maiti nyingine, safari ya kuvuka nchi kwa magari ya kupokezana mkoa kwa mkoa, na mkuu mwingine wa mazishi mwenye mpango wake wa kugawana mafuta. Mtengenezaji filamu yule yule, maradhi yale yale, jeneza lile lile. Alea alifariki mwaka 1996. Mwaka 1998 Fidel Castro aliishutumu filamu hiyo hadharani. Kejeli ilikuwa imeruhusiwa kuanzia 1966, lakini haikukabidhiwa kwa mtu wa kuifanyia kazi.

Sisi na kioo hicho

Tusicheke mbali. Shirika letu la filamu la Tanzania liliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 lilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhamasisha watu juu ya ujamaa vijijini. Ilikuwa kazi halali. Lakini hatukutengeneza filamu moja ya kujicheka. Kejeli ilibaki kwa waandishi, na hao nao walisubiri: Euphrase Kezilahabi aliandika tamthilia yake ya Kaptula la Marx mwaka 1978, ikachapishwa mwaka 1999. Miaka 21 mchezo ule ulikuwa maandishi tu, wakati ungeweza kujadiliwa matawini.

Kwa upande wa maandiko ya Chama hatukuwa maskini. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau anaowaongoza, na wafanyakazi waliusoma wakaanza kuwauliza mameneja wao. Wako wakubwa ambao hawakulipenda swali hilo. Na huku tukipiga vita urasimu kwa maneno, tuliviondoa vyombo ambavyo umma ungeutumia kuupiga kwa vitendo. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, mabaraza ya serikali za mitaa yalifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa.

Mkulima wa kahawa wa Bukoba na Muleba anajua maana ya tendo hilo la pili. Ushirika wake mkuu ulianza mwaka 1950. Ulikuwa na kasoro zake: wizi wa mizani, ukoo katika uongozi, madeni. Hata hivyo ulikuwa na mkutano mkuu, ambako mkulima aliweza kusimama na kuuliza kilo zake zimekwenda wapi. Mamlaka ya kahawa iliyochukua nafasi haikuwa na mkutano wa namna hiyo. Mkulima alipeleka kahawa akapewa stakabadhi, akangoja. Aliyechoka kungoja aliiuza kahawa ikiwa bado ua mtini, yaani butura, au aliivusha usiku kwa magendo. Sisi tukamhubiria uzalendo. Kwa lugha ya filamu, mkulima yule alikuwa anafukua jeneza usiku kwa sababu mlango wa mchana ulifungwa.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuvunja vyama vya ushirika na kufuta serikali za mitaa kulikuwa kosa. Kukiri huko ni somo kubwa kuliko hotuba nyingi. Ila vyombo vinarudi haraka kuliko mazoea. Mwanachama aliyezoea kuomba hakujua tena kuuliza, na kiongozi aliyezoea kuombwa hakutaka kuulizwa.

Wala tusidhani kwamba kompyuta imetuokoa. Zamani tuliambiwa "faili halionekani". Siku hizi tunaambiwa "mfumo hausomi". Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki orodha za mishahara iligundua maelfu ya watumishi hewa, wakiwamo waliokwisha kufa, ambao karatasi ziliendelea kuwalipa. Alea angelipenda jambo hilo: marehemu anapokea mshahara bila kukosa, na mjane wa marehemu mwingine anadaiwa uthibitisho kwamba mumewe amekufa.

Kujikosoa

Kada anayewakosoa Wakuba lazima ajikosoe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na dhamana ndogo katika ofisi moja. Mama mmoja mjane alifika kutoka upande wa Nshamba, amepanda gari la alfajiri, na barua ya kuomba kuthibitishiwa utumishi wa mumewe. Barua ilikuwa na sahihi ya kijijini bila mhuri. Nilimwambia kwa adabu, "Mama, rudi upate mhuri." Akaniuliza, "Mwanangu, kwani humjui mwenye sahihi hii?" Nilimjua. Tulikuwa tumekunywa naye chai wiki ile. Nikamjibu kwamba kumjua si utaratibu.

Aliondoka. Aliporudi baada ya wiki mbili na mhuri wake, mimi nilikuwa semina. Semina ile ilihusu uongozi bora. Sikuomba rushwa, sikumtukana, sikuchelewa kazini. Kwa kipimo cha maazimio yetu ya kawaida nilikuwa mtumishi safi. Ninapomwona mkuu wa makaburi katika filamu akifungua daftari lake kwa utulivu, namtambua vizuri.

Kitu gani kingenizuia? Ari ninayo, na utaratibu niliujua. Kingenizuia kitu kimoja: kama mama yule angekuwa na kikao ambacho mimi ningelazimika kusimama mbele yake na kueleza kwa nini nilimrudisha. Hakuwa nacho, nami nililijua hilo bila kulifikiria.

Hitimisho

Filamu ya Alea ionyeshwe matawini na vyuoni, lakini isionyeshwe kama burudani ya kufungia semina. Baada yake kufanyike kikao, na katika kikao hicho wasianze kusema viongozi. Waanze wenye foleni.

Pili, kila tawi lijue ni wajane, wastaafu na wakulima wangapi katika eneo lake wanangoja jambo ofisini, wanangoja nini, na tangu lini. Jambo la mtu mmoja likikwama, waende naye watu kumi, kwa amani na kwa mchana. Tatu, katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vya kahawa, swali la mwanachama lijibiwe pale pale na liandikwe pamoja na jibu lake na jina la aliyejibu, ili mwaka ujao asomewe.

Haya si mambo makubwa. Lakini bila hayo tutaendelea kucheka ukumbini na kunyamaza dirishani.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kila kanuni iliyomkwamisha mjane katika filamu ilikuwa na sababu nzuri. Taja kanuni mbili za ofisi unayoijua zenye sababu nzuri ambazo zikikutana zinamwumiza mwananchi.

2. Majirani walichanga barafu lakini hawakwenda pamoja makaburini. Sisi huchangia misiba kwa moyo. Je, huchangia pia madai ya wafiwa? Kama hapana, kwa nini?

3. Ni nani katika eneo lako anayeweza kumwita kiongozi wako ajieleze, na mara ya mwisho alimwita lini?